Kusukuma Gari Jumapili

Saa nane ilinikuta nikiingia Kawajense kutoka Ugalla, na Jumapili magari binafsi yalikatazwa kutembea kuanzia saa hiyo, ili kuokoa petroli. Nilizima injini. Gari langu la spoti nililipata kwa bei rahisi kwa sababu lilikunywa mafuta sana. Polisi wakilichukua, sitapata jingine. Mjomba, niliyekuwa nimempakia, akashuka, tukaanza kulisukuma. Lakini je, sheria inajua tofauti ya kusukuma na kuendesha?

Polisi akatusimamisha.

“Nyinyi, mbona mnasukuma gari?”

“Injini nimezima, afande.”

Akagusa boneti, akacheka. “Bado ya moto. Haya, sukumeni. Petroli inakwisha; muda si mrefu magari yote yatakwenda hivyo.”

Mjomba naye alicheka. Mimi nilisukuma hadi Nsemulwa, nikimwamini yule polisi.