Mafiga ya Bi Mwanakombo

Enzi zetu Changamwe, mgeni hakuelekezwa kwa jina la barabara wala nambari ya nyumba. Aliambiwa afuate harufu. Ukisikia makaa ya mawe na moshi mzito, hapo ni stesheni ya reli. Ukisikia viazi karai na pilipili inayokereketa koo, umefika njia panda ya Magongo. Ukisikia tope la mikoko na chaza wa kuchoma, umepitiliza, rudi nyuma, unakaribia kuangukia Mikindani. Na ukisikia tui la nazi likichemka kabla jua halijapanda, tafuta jiwe ukae, maana umefika kwa Bi Mwanakombo na hapana haja tena ya kwenda kokote.

Mimi nilizaliwa na miguu isiyotulia. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa ujinga wala kwa kukosa karo, bali kwa sababu njia ya kwenda shule ilikuwa na mambo mengi kuliko shule yenyewe. Baba alikuwa fundi wa reli, Mtaita aliyeshuka kutoka milimani, nasi tulikaa katika nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja watu saba. Mama alichoka nami mapema. Kila kitu nilitaka kukishika, kukifunua, kukinusa. Alikuwa akisema, "Wakio, wenzako wana macho usoni, wewe yako yako kwenye vidole."

Basi vidole hivyo vilipita kila mahali. Ukiwa na senti kumi ulikuwa mfalme. Senti tano ya kwanza ilikwenda kwenye muhogo wa kuchoma, uliopasuliwa katikati ukapakwa chumvi na pilipili kwa kipande cha ndimu, ukaula huku unaruka ruka kwa ukali. Senti tano ya pili ndiyo iliyoleta mawazo. Kashata? Bajia za kunde, zikiwa bado zinalia mafuta ndani ya gazeti? Au maji ya miwa kwa yule mzee aliyezungusha mashine yake huku akiikemea kama punda? Tuliketi juu ya ukuta mfupi kando ya reli, miguu ikining'inia, tukila polepole ili garimoshi lipite tungali na kitu mkononi, abiria watuonee wivu. Vijana wa leo wananiambia chakula kimepoa wakiwa bado wanakipiga picha. Sisi hatukuwa na picha. Tuliungua ndimi, na ndiyo maana tunakumbuka.

Lakini pahala pa mapahala palikuwa ule mstari wa akina mama mbele ya lango la ujenzi. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, na mtambo wa kusafisha mafuta ulikuwa ukijengwa pale kwetu. Matangi yaliinuka juu ya minazi, makubwa mno hata nikadhani wazungu wanatengeneza vyungu vya kupikia nchi nzima. Kila alfajiri watu walikuja kwa miguu kutoka Chaani, Mikindani na Miritini, Waduruma, Wakamba, Wajaluo, Wataita, na kabla king'ora hakijalia kila mmoja alitaka kufungua kinywa. Akina mama walikaa mstari mmoja, kila mmoja na mafiga yake, mawe matatu na sufuria juu. Hapakuwa na karani wala cheti. Palikuwa na sheria mbili tu, na hata sisi watoto tulizijua: mtu mmoja hashiki pahala pawili, na mafiga yakilala baridi Ijumaa hadi Ijumaa, pahala ni pa yeyote.

Bi Mwanakombo alikaa wa kwanza, karibu kabisa na lango. Hapo upepo wa bahari ulipeleka moshi upande wa pili, na kila mfanyakazi alimpita yeye kabla ya mwingine. Mbaazi zake zilikuwa nzito, tui limeshikana nazo kama nguo na mwili, na mahamri yake ukiyabonyeza yalipumua iliki. Jirani yake alikuwa Mama Mutua, Mkamba mpana wa mabega, muuza pure, mahindi na maharagwe ya kumshikilia mtu hadi magharibi. Wawili hawa walitaniana kutwa.

"Mama Mutua, hayo mahindi yako ni ya kula au ya kupigia ndege?"

"Wako wanakula wakitembea, Bi Mwanakombo. Wangu wakila, wanakaa. Hawawezi kuinuka!"

Mwisho kabisa wa mstari, pale malori yalipokata kona na kumwaga vumbi, alikaa mwanamume pekee wa mstari ule, Kitojo, mkaanga viazi karai. Viazi vyake vilikuwa vitamu, lakini vilikuwa na mchanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na alichoshwa na vumbi, na kila asubuhi macho yake yalikwenda pale langoni.

Kisha mume wa Bi Mwanakombo, mpakiaji mizigo bandarini, akafa kwa homa ya siku tatu. Bi Mwanakombo akaingia eda.

Sisi watu wa bara hatukuwa na jambo hilo. Mama Mutua alimwuliza mama yangu, mama yangu akawauliza majirani Waislamu, na jibu likarudi: miezi minne na siku kumi, mjane hatoki kwenda sokoni wala barabarani. Ndugu watamlisha. Lakini ndugu hulisha wakati wa eda tu, na baada yake Bi Mwanakombo angebaki na mama yake kizee na watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Hakuwa na shamba. Alikuwa na yale mawe matatu langoni, na yalikuwa na siku saba tu.

Siku ya sita niliwahi mapema, nikaona kitu ambacho sikukielewa. Mama Mutua alikuwa ameinama kwenye mafiga ya Bi Mwanakombo. Alitoa kuni mbili katika moto wake, akawasha pale, akateleka sufuria yenye kifuniko. Kisha akarudi kwenye pure yake kama kwamba hakuna lililotokea. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Wiki zikapita. Sufuria ilichemka, kifuniko kikacheza, mvuke ukatoka, na sikuona hata mtu mmoja akipewa sahani. Nyinyi mnaonijua mnaweza kukisia hali yangu. Nililala na sufuria ile, nikaamka nayo. Nilijaribu kunusa, haikuwa na harufu. Nilimwuliza Mama Mutua, akasema, "Kinaiva polepole." Chakula gani kinaiva miezi miwili?

Si mimi peke yangu niliyejiuliza. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu wa eda, mstari umejaa watu, Kitojo alikuja akasimama mbele ya sufuria, mikono kiunoni.

"Mama Mutua, shikamoo. Nakuuliza kwa heshima. Hapa kunapikwa nini? Au mnachemsha mawe?"

"Marahaba. Kunapikwa chakula cha mwenyewe."

"Mbona hakiliwi?"

"Wewe umekuja kula au kuuliza?"

Watu wakacheka. Na mimi, nikiwa nimesimama kando ya sufuria yenyewe, nikaona wote wanamtazama Kitojo, na vidole vyangu vikaenda. Nikafunua.

"Maji!" nikapiga kelele. "Mama Mutua, kumbe ni maji matupu!"

Mama Mutua hakunigombeza. Alinitazama tu, na katika uso wake nikasoma yote kwa mara moja. Hakupika mbaazi kwa sababu hakujua kupika kwa nazi, na hakutaka kuharibu jina la mwenzake kwa mbaazi mbaya. Hakuweka pure yake pale kwa sababu mtu mmoja hakuruhusiwa mafiga mawili. Kilichobaki kilikuwa maji. Kila siku, kwa kuni za kununua kwa jasho lake, alichemsha maji ili mawe ya mwenzake yasipoe. Na mimi nimemwaga siri hiyo mbele ya mtu pekee aliyepaswa asiijue.

"Wallahi," Kitojo akasema, na hakusema kwa furaha, "mmesikia wenyewe. Maji si chakula. Mafiga haya yamelala tangu siku ya msiba." Akaenda kuchukua karai yake.

Hakuna aliyemzuia. Wangemzuiaje? Sheria ilikuwa ya wote, na wapo pale waliopata pahala pao kwa sheria hiyo hiyo. Nilianza kulia. Kitojo akarudi na karai mkononi, akainama kuitoa sufuria.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema kutoka mwisho wa foleni ya pure. Alikuwa Omondi, mchomeleaji vyuma, mrefu hata tulimwita Mlingoti. Akasogea, akanyoosha mkebe wake wa chai. "Mama, nipe hayo."

"Maji?" Mama Mutua akauliza.

"Nimeyakuta jikoni, yako motoni. Yanauzwa au hayauzwi?"

Mama Mutua akachukua upawa. "Yanauzwa."

Akamchotea. Omondi akayapuliza, akayanywa yote, maji ya moto, matupu, katika joto lile la Changamwe, jasho likimtiririka mashavuni. Kisha akaweka senti tano juu ya figa, akamgeukia Kitojo. "Aliyeuza ameuza, na mimi nimenunua. Haya, ndugu yangu, niambie: mafiga yamelala wapi?"

Basi ndugu zangu, niliona jambo ambalo katika kuzurura kwangu kote sijaliona tena. Foleni ya pure ilivunjika, ikajipanga upya mbele ya sufuria ya maji. Mduruma mmoja akasema, "Mimi nitilie mchuzi mwingi." Mwingine nyuma yake, "Yangu yasiwe na mifupa!" Kijana wa Kitaita akaonja, akatikisa kichwa kama mpishi, "Leo yameiva." Walicheka, lakini hakuna aliyeondoka bila kunywa na hakuna aliyekunywa bila kuweka senti. Watu ambao nusu yao hawakujua eda ni nini, na wengi wao hata Bi Mwanakombo walimjua kwa mbaazi tu, walisimama wakaunguza ndimi zao kwa maji hadi king'ora kikalia.

Kitojo alisimama na karai yake muda mrefu. Kisha akairudisha kwenye vumbi, taratibu. Nilimwonea huruma, na bado namwonea. Kwangu hakusahau, tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena, aliniita Redio.

Adhabu yangu aliitoa Mama Mutua. Zile senti zenye tundu alizitunga kwenye uzi wa katani, akanivisha shingoni. "Peleka," akasema. "Na umwambie mwenyewe ulichofanya. Usipunguze."

Nilimkuta Bi Mwanakombo ukumbini, amevaa nguo zisizo na rangi, amekonda. Nikasimulia huku nalia: sufuria, kifuniko, Kitojo, Omondi, watu waliokunywa maji. Alikuwa hajui kabisa kwamba mafiga yake yalikuwa hai. Akauchukua uzi ule, akautazama, akautundika kwenye msumari ukutani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na wamesemaje? Yana chumvi?"

"Wamesema leo yameiva."

Alicheka hata akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, kisha ule upande ukawa wa kufutia machozi.

Maji yaliendelea kuuzwa kila asubuhi hadi siku ya mwisho ya eda. Siku aliyorudi nilikuwepo, na lango zima lilikuwepo. Alikuja na nazi kwenye kikapu na mbaazi zilizorowekwa usiku. Akagusa jiwe moja kwa kiganja, akaondoa mkono haraka, maana lilikuwa la moto. Mama Mutua alinyanyua sufuria ayamwage yale maji.

"Weka chini," Bi Mwanakombo akasema. "Maji ya miezi minne umwage, mwanamke wewe?" Akazimimina mbaazi mle mle.

"Basi harakisha," Mama Mutua akamjibu, "umechelewa kazini."

Hawakushukuriana zaidi ya hapo, mbele ya watu angalau. Mbaazi za siku ile sijazila tena popote, na nimekula kwingi: Tanga, Mwanza, Kampala, kwenye vituo vya malori ambavyo hata majina sikuyapata.

Mwaka jana miguu ilinirudisha Changamwe. Vibanda siku hizi ni vya mabati, vina nambari na makufuli, na chakula kinapelekwa kwa pikipiki kwa mtu asiyetaka kuinuka kitandani. Vijana ni wazuri, wana adabu, waliniita shosho wakaninyanyulia kiti. Nikaagiza chai na mahamri. Kibanda nilichoketi kilikuwa kimepakwa rangi mpya, haijakauka sawasawa, na kandokando ya mlango rangi iliyotangulia ilikuwa bado inaonekana. Nikamwuliza binti aliyenihudumia, nani alikuwa hapa kabla yake.

"Kulikuwa na mama mmoja, shosho. Alifiwa, akakaa nyumbani wiki mbili hivi, nafasi ikatolewa."

"Anaitwa nani?"

Akafikiri kwa nia njema kabisa. Akamwuliza wa kibanda cha pili, naye akamwuliza wa tatu. Nilinywa chai yangu nikingoja, jina likitafutwa mstari mzima hadi mwisho, na halikurudi.