Maji ya Jimi Kwenye Kichuguu cha Kukhu

Mwanangu, siku niliyomwosha mbwa wetu Jimi dawa ya viroboto naikumbuka kama jana. Najua wewe ni mdogo wangu tu, una miaka sita, lakini leo umeletewa mtoto wa mbwa, kwa hivyo acha nikuite mwanangu nikupe nasaha. Kwa mdomo ningeona haya. Kuandika naweza.

Nilikuwa darasa la saba. Mama alileta dawa kutoka Malaba, nikaichanganya na maji kwa beseni, nikamsugua Jimi mpaka akang'aa. Maji yaliyobaki sikuyamwaga uani kwa sababu ya kuku. Nikajiona mjanja, nikayamwaga kwenye kichuguu nyuma ya jikoni. Nilidhani udongo utayanywa yaishe.

Kichuguu hicho ni cha Kukhu, nyanya yetu. Siku chache baadaye mvua ilinyesha, naye akaketi pale na vijiti vyake, akagonga ubao, ko-ko-ko, kuwaita kumbikumbi. Majirani wakaja na sufuria. Walitoka wachache tu, wakiyumbayumba.

"Kukhu, leo wamelewa busaa?" jirani yetu Mama Nekesa akacheka.

Wewe ulikuwa bado unatambaa. Ukaokota mmoja, ukampeleka mdomoni.

Mimi, ambaye hata darasani sijibu swali, nikapiga kelele: "Asimle! Ni mimi! Nilimwaga dawa ya Jimi hapo!"

Wote wakaniangalia. Nilitamani kuingia kichuguuni. Kukhu alikunyang'anya yule mdudu, akakuosha vidole kimoja kimoja, ndipo akanigeukia.

"Umesema, vizuri. Lakini ulidhani huko chini hakukai mtu? Hiyo dawa haiulizi nani kiroboto, nani kumbikumbi."

Msimu huo Kukhu, ambaye hugawia kijiji kizima, alienda kuomba kumbikumbi kwa wengine. Hilo liliniuma kuliko kiboko.

Sasa nisikie, mwanangu. Mbwa wako atahitaji dawa, mpe, lakini kwa kipimo cha daktari wa mifugo, na umwulize mabaki yaende wapi. Usiyamwage mtoni wala kichuguuni, na ukishamwosha mbwa asiende kuogelea, maana dawa bado iko mwilini mwake. Na ukikosea, sema mapema, hata sauti ikitetemeka. Mimi nilingoja mpaka mkono wako ukafika mdomoni.

Kichuguu kimeanza kutoa tena. Mungu akukuze wewe na mbwa wako, na siku moja watoto wako waketi pale na sufuria, wale washibe bila kuogopa.