Dada Mtu na Mrija wa Shingoni

Dada mtu alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi tangu mdogo wake hajui hata kupima joto. Yeye ndiye aliyemtafutia chuo, yeye ndiye aliyemfundisha kuvaa glovu bila kuzichafua. Leo mdogo mtu ndiye anayeitwa kuingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na dada mtu anasimama pembeni kumwangalia asikosee. Alimwonea wivu. Sisi wenzake wodini tuliuona kila daktari aliposema yule binti ana mikono stadi, maana dada mtu alibana midomo kama aliyelamba shubiri. Nyumbani nako mama yao hakuwa na wimbo mwingine ila huo.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa mzee mmoja, fundi seremala, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Mrija ule ukichafuka kidogo tu, vijidudu vinaingia moja kwa moja kwenye damu, na mzee hakuwa na nguvu ya kupambana navyo. Mdogo mtu alifanya kazi kwa madaha yake yale, nasi tukamtazama usoni, tumelewa sifa zake. Dada mtu alitazama mikono. Akaona kidole chenye glovu kikigusa chuma cha kitanda, kisha kikarudi kwenye sindano. Mdogo mtu mwenyewe hakujua.

Alichowaza alinieleza baadaye bila haya: akinyamaza, mzee atapata homa, na jina la mdogo wake litaingia doa. Akaiacha sindano ikaribie shingo. Kisha akakiona kifua cha mzee kikipanda na kushuka kwa kusukumwa na mashine.

"Simama. Glovu imegusa kitanda. Anza upya."

Aliyasema yasikike hadi mlangoni, na yalimkolea utamu, tusidanganyane. Mdogo mtu hakubisha. Alivua vyote, akanawa, akaanza na vifaa vipya. Mrija ukaingia salama.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo dada mtu alimsubiri kwa hamu, akitegemea kumwona amenuna. Akamwambia kwa upole wa bandia asimchukie, kwani muuguzi mkuu wa wodi ndiye anayempanga yeye kusimama pale.

"Mimi ndiye ninayemwomba akupange, dada," mdogo mtu alisema. "Kila nikiingiza mrija naomba uwe wewe. Wengine wananipenda mno, hawaoni kitu."

Dada mtu alikaa kwenye benchi, kiatu kimoja mkononi. Kumbe hata wivu wake ulikuwa umeshapangiwa zamu.