Ijumaa za Fundi Mikdad

Marehemu mume wangu, Mikdad, alikuwa fundi wa ndege Dar es Salaam kwa miaka ishirini na sita. Kila Alhamisi jioni alirudi nyumbani kwetu Bagamoyo, kucha zina weusi wa grisi ambao hata ndimu haikuutoa. Hakuwa msemaji. Ndege ikipita juu alinyamaza mpaka sauti ififie, ndipo akaendelea na kahawa yake.

Ramadhani moja, miaka tisa iliyopita, ndege ndogo aliyokuwa akiihudumia ilivunjika mguu wa gurudumu la kushoto ilipokuwa inatua kwenye kiwanja cha changarawe, kaskazini ya mto Wami. Ilizunguka, bawa likalima chini. Hakufa mtu. Aliyeumia zaidi ni Ashatu wa Kaole, mpishi wa kambi ya watalii, aliyepewa kiti kilichobaki wazi. Paja lake lilivunjika mara mbili. Wachunguzi waliandika kwamba chuma kilikuwa na ufa wa siku nyingi. Hawakutaja jina la mtu.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala, Mikdad alichukua sanduku lake la vifaa akaenda Kaole. Nilimuuliza mara moja tu. "Naenda kumtazama mgonjwa," alisema. Nimesomesha watoto wa mji huu miaka thelathini; sikuwa tayari kuonekana nikimchungulia mume wangu vichochoroni.

Wifi yangu Adila hakuwa na subira hiyo. "Mgonjwa gani haponi miaka yote hii, wifi?"

"Kaka yako ana huruma."

"Huruma gani inajifukiza udi?"

Mwaka jana moyo wa Mikdad ulisimama. Nikakaa eda, na maneno yakanifuata humo humo ndani: kwamba Kaole kuna mjane wa pili. Sikuogopa mke mwenza, maana dini inamruhusu mume. Niliogopa watoto wetu kuambiwa kwamba baba yao alioa kwa kificho, kama mwizi.

Wiki ya mwisho ya eda Ashatu akaja na mkongojo wake. Alivua viatu mlangoni, kimoja kina soli nene kuliko mwenzake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimesikia ninavyoitwa. Nimechoka, nawe najua umechoka. Marehemu hakunioa. Alikuwa akija kuniomba radhi."

Akanieleza. Kabla ya safari ile, chuma cha mguu wa ndege kilitakiwa kupakwa dawa nyekundu, ifutwe, kisha kinyunyiziwe unga mweupe. Penye ufa, wekundu hurudi. Kazi hiyo yataka kusubiri. Jua lilikuwa linazama, Mikdad amefunga, futari inamngoja. Akakimulika kwa tochi tu, akaandika kitabuni kwamba amekipaka dawa.

"Ulimsamehe?"

"Ijumaa ya kwanza. Akaja ya pili. Nikamwambia, fundi, yameisha. Akatengeneza mlango. Akaja tena, akashika cherehani, na cherehani haijui. Mpaka leo inashona kinyumenyume."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Yeye hakucheka.

"Nimekuja kuomba ruhusa, Mwalimu. Nikinyamaza, mimi ni mke wa siri. Nikisema, yeye ni fundi aliyeandika uongo. Nifanyeje?"

Nilitamani anyamaze, sitalificha hilo. Jina la fundi hodari ndilo tuliloachiwa. Lakini kwa miaka yote hiyo jina hilo lilikuwa limeegemea mguu wa mwanamke huyu, na sasa lilitaka na heshima yake.

"Usiseme wewe," nikamwambia. "Njoo siku ya kutoka eda."

Siku hiyo, khitma ilipokwisha kusomwa, nilimkalisha Ashatu kwenye mkeka wangu, mbele ya wanawake wote. Kabla ya pilau kuletwa nikaeleza mwenyewe, yote, mpaka ile tochi. Sauti yangu ilikuwa ya darasani.

Adila alikuwa amesimama na birika la kunawisha wageni. Alivitazama vile viatu viwili visivyolingana mlangoni, akavitazama muda mrefu. Kisha akawapita wakubwa wote, akainama, akamwanzia Ashatu.