Wimbo wa Ndiva na Jina la Eliaichi

Milimani juu ya Kihurio, ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, haina kufuli. Kila mtu hufungulia maji kwa zamu yake, na baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likilia hubeba jembe akazoe tope na wenzake. Yudith alikulia humo, akadhani dunia nzima inaishi hivyo. Hapo ndipo alipoumia.

Mama yake, Eliaichi, ndiye aliyetunga wimbo wa kuzolea tope. Alipougua, Yudith alimrekodi kwa simu, kikohozi na vyote, maana jirani yao mzee Sifael alikataa kurekodiwa, akazikwa na nyimbo zake zote. Mama alipofariki, Yudith akauweka wimbo mtandaoni kwa leseni huria: chukua, imba, badili, hata uza, ila mtaje Eliaichi. Sharti moja tu, jepesi kuliko jembe.

Binti yake Doreen, muuza simu mjini Same, alimwonya.

"Mama, hiyo kitu ifunge. Wataiba."

"Ndiva ikifungwa, mashamba yanywe nini?"

Wakachukua kweli. Mwimbaji mmoja wa Dar es Salaam aliutia midundo ya kompyuta, akabadili kiitikio, ukavuma stendi nzima ya Same. Eliaichi hakutajwa popote. Yudith aliandika ujumbe kwa adabu, kisha bila adabu. Kimya. Tenda wema uende zako, husema hivyo waliotendewa! Hakudai hela. Alitaka jina la mama yake litajwe, basi, na kwa hilo alilia kwa hasira.

"Sasa si uufute?" Doreen aliuliza.

"Nikiufuta, bibi yako atabaki wapi?"

Mwezi uliopita baragumu lililia. Yudith aliingia topeni, akaanzisha wimbo kama mama yake alivyouanzisha. Wenzake waliitikia kwa nguvu kuliko miaka yote, ila kwa kiitikio cha redioni. Hata wale waliombeba Eliaichi kaburini.

Husna, mkwe wa jirani aliyeolewa kutoka Kwakoa, alifuta jasho akacheka kwa upendo.

"Mama Doreen, kumbe na wewe unampenda yule dada wa Dar!"

"Wimbo ni wa Eliaichi," alisema Yudith.

"Eliaichi ndiyo nani?"

Yudith aliwatazama wenzake, mmoja mmoja. Walikuwa bado wanaimba.