Walimzuia Mama Yangu Kusogelea Duara, Kisha Wakataka Niongoze Sifa

Admin, naomba ulifiche jina langu na la kikundi chetu cha maombi. Huku kwetu Nyamongo hakuna siri, lakini angalau nisiwe mimi niliyeitangaza.

Nina miaka ishirini na saba, nina shahada ya chuo kikuu, na kwa sasa ninafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya huku. Watu husema napenda kubishana. Sikatai. Nimesoma vitabu vya dini na vya wanaoipinga dini, na bado kila Jumamosi asubuhi husimama mbele ya watu kuongoza kusifu na kuabudu. Najua wimbo upi unawaamsha watu, upi unawatuliza, na wakati gani ninyamaze ili waabudu wenyewe bila sauti yangu. Aliyenifundisha hayo yote ni mama yangu. Ndiye aliyekianzisha kikundi hiki sebuleni kwetu, na mpaka leo nikitoa wimbo ndiye anayeitikia wa kwanza. Bila yeye, mimi ni mtu anayepiga kelele.

Hasira yangu inaanzia kwa mzee mmoja mwenye duara. Kwa wasiojua, duara ni shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mzee huyu alijiunga nasi, akatununulia kinanda na spika, na tangu siku hiyo mwenyekiti wetu humkalisha kiti cha mbele. Shimo lake lilikuwa limekaa muda mrefu likitoa mawe matupu. Akaomba twende tukamsifu Mungu palepale kwenye mdomo wa shimo, kabla vijana hawajashuka. Sikuona ubaya. Mungu husifiwa popote.

Tukaenda. Nikatoa wimbo, na walioitikia walikuwa wanaume peke yao. Nikageuka. Wanawake wote, mama yangu akiwa mbele yao, walikuwa wamesimamishwa kule barabarani, bodaboda zikiwarushia vumbi. Mchimbaji mmoja alikuwa amewakingia mpini wa sururu kama anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. Wachimbaji wengi huku wanaamini kwamba mwanamke akilisogelea duara, hasa akiwa katika siku zake, dhahabu inakimbia. Imani hiyo niliijua tangu utotoni. Nilichokuwa sikijui ni kwamba sisi tuliookoka tumeokoka nayo.

Nikanyamaza katikati ya ubeti.

"Mwalimu, mbona umezima injini?" mwenye duara akauliza.

"Nasubiri wanawake wasogee."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "umekuja kuimba au umekuja kuoa?"

Mwenyekiti akanivuta shati. "Usituaibishe. Kila mahali pana utaratibu wake. Hata wewe darasani kwako una utaratibu."

"Utaratibu huu ni wa mganga, Mwenyekiti. Mzee alikuwa akimleta mganga hapa. Sasa ametuleta sisi kwa sababu tuna kinanda."

"Elimu imekuharibu, wewe!"

Nikaweka maiki chini nikaondoka. Nilipofika barabarani nilimshika mama mkono ili twende nyumbani. Akauchomoa mkono wake, akageukia kule shimoni na kuendelea kuimba.

Siku chache baadaye shimo likatoa mawe mazuri. Mwamba ule ulikatwa kwa nyundo na jasho la vijana, lakini kikundi kizima kikahitimisha kwamba ni sifa zilizoufungua, tena sifa zilizoimbwa wanawake wakiwa mbali! Sasa wenye maduara wengine wanatuita. Mwenyekiti ametangaza kwamba huo ndio utakuwa mpangilio wetu, na kwamba mimi niombe radhi na kurudi kuongoza, la sivyo nafasi yangu apewe mtu mwingine. Watu wazima, wenye Biblia mikononi, wanawatenga wenzao kana kwamba sifa ni dawa ya mganga inayoharibika ikiguswa na mwanamke!

Nilimwendea mama nikiwa nimejaa hoja. Alikuwa akimenya mihogo. Nikamwambia kwamba waliofika kwanza kaburini asubuhi ya ufufuo walikuwa wanawake, na hakuna aliyewaambia wasimame barabarani. Hakuinua kichwa.

"Kwani mimi nilikulalamikia?"

"Walikuzuia kama ng'ombe, Mama."

"Mimi niliimba mpaka mwisho, baba. Aliyenyamaza pale ni wewe."

"Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Ungeniuliza. Yule mwenye sururu hakuniuliza, na wewe hukuniuliza."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, anataka nifanye nini.

"Uongoze."

"Na wewe utasimama wapi?"

"Watakaponiweka."

Jibu hilo ndilo linaloninyima raha. Nikiliheshimu, nitakuwa nimeheshimu neno la mama yangu na wakati huohuo nimekubali adhalilishwe, tena kwa wimbo ninaoutoa mimi. Nikikataa, nitamnyang'anya kitu alichokijenga kwa mikono yake, eti kwa kumtetea. Wapo watakaosema uvumilivu wake ni imani. Mimi nasema ni mazoea ya mtu aliyesimamishwa barabarani maisha yake yote, na wanaofaidika na mazoea hayo ndio wanaoyaita imani. Lakini sauti ni yake, si yangu, na hapo ndipo hoja zangu zote zinapokwama.

Jumamosi hii tunasubiriwa kwenye duara jingine. Shati langu jeupe la kuongozea sifa, Mama ameshalipiga pasi na kulitundika mlangoni mwa chumba changu.

Nyinyi mnaosoma, hasa kina mama na kina dada, maana safari hii nimeona niulize kabla ya kutenda: nilivae shati hilo, au nilirudishe kabatini?