Kibao cha Clifford pale Darajani

Clifford Ollerenshaw aliendesha malori miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata mara moja akiliita lori jaganoti. Tulikuwa yadi moja ya malori kule Lancashire, Uingereza, kwa hiyo najua ninachosema. Sisi lori tuliliita wegoni, basi. Lile refu lenye tela, linalokunjika kiunoni, wengine waliliita atiki. Jaganoti, yaani dubwana linaloponda kila kilicho mbele yake, lilikuwa neno la magazeti na la wenye bustani za waridi, watu wanaotaka mkate uwe mezani asubuhi lakini hawataki kuona umefikaje. Ukilitamka kwenye mkahawa wa madereva, utakunywa chai yako peke yako.

Magoti yalipomshinda akastaafu, na mkewe Edna akarithi nyumba ya shangazi yake kijijini Thornbeck, juu ya kilima, ukishavuka daraja la mawe. Hapo ndipo bwana mkubwa akaota mapembe. Akanunua koti la sufu la mirabaraba. Akaanza kunywa chai kwenye vikombe vyenye mkono mwembamba usiopitisha kidole. Kulikuwa na kamati ya kijiji, mwenyekiti wake Bi Fairclough, iliyotaka malori yasivuke tena lile daraja. Clifford akajipeleka mwenyewe, hakuitwa.

Haukupita mwezi, barua yake ikatoka gazetini: "Majaganoti haya yanaponda amani yetu." Amani yetu! Ushahidi wao mkubwa ulikuwa picha ya mfereji wa paa la baa ya kijiji, uliong'olewa pale konani. Aliyeung'oa namjua. Ni yeye, mwaka sitini na tisa, kwa mkia wa tela, kisha akatia gia akaondoka kimya kama mwizi wa kuku. Tuliibandika barua yake ukutani mkahawani, karibu na choo.

Wakashinda. Kibao kikasimamishwa darajani: mwisho tani tatu.

Mwaka wa themanini na moja mapafu yakamlaza, akaniita. Nilijua anachotaka kabla sijavua kofia. Yadi yetu ina desturi: dereva akifa, jeneza lake hupelekwa kanisani juu ya wegoni, na wenzake wanafuata na zao.

"Wilf, mwanangu," akasema, "mtanibeba kwenye wegoni, sivyo?"

"Kwenye nini? Si siku hizi unaita jaganoti?"

"Usinianze, bwana. Nakufa mwenzio."

"Unakufa wewe, kibao chako kizima. Wegoni ni tani kumi, na kanisa liko huku kwenu, ukishavuka daraja."

"Kaniombee kwa Bi Fairclough. Siku moja tu. Tafadhali."

Sikuwahi kumsikia akisema tafadhali. Nikaenda, shingo upande. Bi Fairclough alinikaribisha vizuri, akanifungulia daftari la mikutano.

"Hakuna ruhusa maalumu, hata ya siku moja, wala kwa mtu yeyote," akasoma. "Pole sana, Bwana Wilf. Sisi wengine tulitaka kulegeza kidogo. Clifford ndiye aliyegonga meza, akaliandika hilo kwa mkono wake."

Nilirudi nimejaa hasira, nayo nikammwagia mgonjwa, Mungu anisamehe.

"Amesemaje?" akauliza.

"Amesema uliandika vizuri sana."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika muda mrefu. Edna akanitoa nje kwa macho.

Alikufa Alhamisi. Wegoni kumi na nne zilitoka yadini, yeye mbele, na honi zikalia mpaka darajani. Pale tukasimama. Gari la maiti lingepita bila taabu, lakini Edna hakutaka hata kusikia habari zake. Basi tukamteremsha, wanaume wanane, tukavuka naye begani. Kilima cha Thornbeck ni kikali, na Clifford hakuwahi kuwa mwembamba. Nilimlaani kila hatua: yeye, koti lake na vikombe vyake.

Ng'ambo ya daraja, chini ya kibao cha upande wa kijiji, pumzi zikatuishia, tukamweka juu ya ukuta wa mawe. Percy, aliyekuwa amebeba mbele yangu, akakitazama kibao.

"Kinang'aa kama kikombe cha mashindano," akasema. "Nani ana muda wa kusugua upuuzi huu?"

"Yeye," akajibu Edna. "Kila Jumapili. Alikuwa anakuja na kitambaa, anasugua, halafu anakaa hapa hapa ukutani mpaka chakula kinapoa, anasikiliza wegoni zikipita kule barabara kuu. Alikuwa anazijua kwa mlio. Akirudi ananiambia, leo Wilf kapita, gia ya tatu inamsumbua."

Gia ya tatu ilinisumbua mwaka mzima. Hakuna mtu yadini niliyemwambia.

"Haya, inueni," nikasema. Tukambeba tena, na safari hii sikumlaani.